MTOTO ANAANZA CHEKECHEA JANUARI? BEGI NA SARE HAVITOSHI, MWANDAE NA MOYO WAKE



Kila ikikaribia mwisho wa mwaka, ukipita Kariakoo utakuta wazazi wamejazana kwenye maduka ya sare na mabegi. Begi lenye picha ya katuni, viatu vyeusi, soksi nyeupe, chupa ya maji, kikontena cha vitafunwa. Mtoto anapimishwa, anapigwa picha, picha inarushwa kwenye status ya WhatsApp na shangazi zake wote wanaweka vikopakopa. Halafu inafika Januari, siku ya kwanza, na pale getini kwa vidudu ni vilio mtindo mmoja.

Sasa swali langu la leo ni hili: huyu mtoto tumemnunulia kila kitu, lakini yeye mwenyewe tumemwambia nini? Anajua anaenda wapi? Anajua ataachwa? Na kubwa kuliko yote, anajua kwamba atakuja kuchukuliwa?

Niseme mapema ili tusigombane huko chini kwenye maoni. Mimi sio mwalimu wala daktari. Nimeishia form four, naandika andika hapa na pale. Ila nilipomaliza shule nilikaa miezi kadhaa nasaidia kwenye chekechea moja ya mtaani kwetu (jina kapuni). Kazi yangu ilikuwa kupokea watoto getini asubuhi, kuwavua viatu, kuwasindikiza chooni na kugawa uji saa nne. Na sasa hivi naishi kwa dada yangu, mtoto wake wa miaka minne anaanza Januari, na mimi ndiye mjomba wa kumsindikiza. Kwa hiyo hili jambo nimeliona, nimelisoma, na nimelitafakari. Twende taratibu.

KWANZA TUELEWE KWA NINI ANALIA

Wengi wetu tunadhani mtoto analia siku ya kwanza kwa sababu anaogopa shule au anadeka. Hapana. Shule yenyewe haijui, ataiogopaje? Mara nyingi analia kwa sababu yule mtu anayemtegemea anaondoka, na yeye hana uhakika kama atarudi.

Kuna mama mmoja mwanasaikolojia anaitwa Mary Ainsworth. Alizaliwa Marekani, akakulia Kanada, halafu mwaka 1954 akaja hapa jirani Uganda. Mwaka huo na uliofuata alizunguka kwenye vijiji karibu na Kampala akitembelea familia 26 za Waganda, anakaa nao nyumbani na kuangalia tu mtoto mchanga na mama yake wanavyoishi. Mambo aliyoyaona aliyaandika kwenye kitabu kilichotoka mwaka 1967. Leo hii ukisikia wataalamu duniani wanaongea habari za mtoto kujiambatanisha na mzazi, sehemu kubwa ya msingi wake iliwekwa na yeye pamoja na Mwingereza John Bowlby, na uchunguzi wake wa kwanza wa kwenda nyumba kwa nyumba aliufanya hapa hapa Afrika Mashariki. Kwa hiyo asije mtu akasema haya ni mambo ya Wazungu na watoto wao.

Aliona nini? Aliona mtoto anamtumia mama yake kama kituo. Anatoka pale kwa mama, anatambaa kwenda kuchunguza kitu, anageuka nyuma kuangalia. Akimwona mama yupo, anasogea mbele zaidi. Akiogopa anarudi mbio, anashikwa kidogo, kisha anatoka tena. Yaani kinachompa mtoto ujasiri wa kwenda mbali ni uhakika kwamba kituo chake hakihami.

Alikuwa anaangalia watoto wachanga, lakini angalia na mtoto wako wa miaka mitatu au minne ukimpeleka kwenye sherehe. Dakika za kwanza anang'ang'ania gauni lako. Baada ya muda anachungulia. Mara yuko na wenzake kwenye maspika anacheza, ila kila baada ya muda anakuja kukuchungulia kama upo. Akigeuka akakuta kiti chako hakina mtu, mchezo umeishia hapo.

Chekechea ni hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba kule unaondoka kweli. Kwa hiyo kazi ya mzazi ni kumfanya mtoto awe na uhakika moyoni kwamba kituo kipo hata kama hakionekani kwa macho.

TABIA YA KUMTOROKA MTOTO

Hapa ndipo penye ugomvi wangu na wazazi wengi, mnisamehe.

Mama anafika getini, mtoto kamshika mkono. Anamwambia, "Hebu angalia ile bembea, nenda kamwone yule mwenzako." Mtoto akigeuza shingo tu, mama huyo, kapotelea kwenye bodaboda. Tena wengine wanashauriwa na walimu wenyewe: "Mama wewe ondoka kimya kimya, asikuone."

Kwa wakati ule inaonekana imesaidia, mzazi kaondoka bila kilio. Lakini jiulize mtoto kajifunza nini. Kajifunza kwamba akigeuka kuangalia bembea, mama anapotea. Kwa hiyo kesho hatageuka. Atakushika mguu, atalia kuanzia nyumbani wakati wa kuvaa soksi. Na hata ukiwa nyumbani, ukienda chooni tu anakufuata mlangoni. Watu wanasema "ameanza kudeka tangu aanze shule". Sio kudeka jamani, anakulinda usipotee tena.

Nilivyokuwa pale getini niliona hivi: watoto waliokuwa wanaagwa walilia, tena wengine kwa sauti ya kutisha. Lakini wengi wao uji ulipofika walikuwa wameshanyamaza, wanagombea kikombe cha bluu. Waliotorokwa ndio walikuwa wanakaa karibu na geti, begi mgongoni, hataki kulivua, anaangalia barabarani mpaka saa sita.

KUAGA KUNAFANYIKAJE

Kuaga kuna mambo manne tu, na halihitaji pesa hata moja.

Moja, kuwe kufupi. Mkumbatie, mwambie unaondoka, mkabidhi kwa mwalimu mkono kwa mkono, ondoka. Ukikaa nusu saa pale mlangoni unarudi, unaondoka, unachungulia dirishani, unamchanganya. Anaona kumbe nikilia zaidi anarudi.

Mbili, kuwe kwa namna ile ile kila siku. Wengine wanagonga tano, wengine wanabusu kiganja cha mtoto na kumwambia akifunge. Chagua cha kwenu. Mtoto mdogo anapenda sana jambo analolijua litakavyokwenda.

Tatu, mwambie utarudi lini kwa lugha anayoielewa. Mtoto wa miaka mitatu ukimwambia "nakuja saa sita na nusu" hajui ni nini hicho. Mwambie kwa matukio: "Mtaimba, mtakunywa uji, mtacheza nje, mtavaa mabegi, halafu bibi atakuja." Uliza ratiba ya shule ili usimdanganye. Akikunywa uji anajua sasa bado kucheza na kuvaa begi.

Nne, na hii ndiyo inayobeba zote: timiza. Ukisema bibi atakuja, aje bibi. Kama kuna mabadiliko, mwambie asubuhi. Wiki ya kwanza ndiyo wiki ya kuomba ruhusa kazini au kufunga kibanda mapema. Mtoto anayebaki peke yake na mlinzi wenzake wote wakiwa wameshaondoka, kesho yake hata umwimbie hatakuamini. Na kama anachukuliwa na bodaboda au gari la shule, mjulishe kwa huyo dereva kabla, kwa jina na kwa sura. Asipandishwe chombo na mtu asiyemjua siku ambayo tayari ana hofu.

USIMGEUZE MWALIMU KUWA ZIMWI

Hili nalo ni ugonjwa wetu. Mtoto akimwaga maji: "Ngoja uende shule, madam atakunyoosha." Akikataa kula: "Utamkoma mwalimu." Miezi mitatu mfululizo mtoto anaambiwa kuna mtu mahali fulani anamsubiri amwadhibu. Halafu Januari unamshika mkono unampeleka kwa mtu huyo huyo na unashangaa kwa nini anagoma!

Geuza maneno. Mwambie madam ndiye atakayemsaidia akiumia, akitaka chooni, akichokozwa. Mtoto akishajua kwamba kule kuna mtu mzima mmoja wa kumkimbilia, nusu ya safari imekwisha.

Na usimpambe shule kupita kiasi pia. Ukimwambia kule ni bembea na pipi tu, siku akikuta ameambiwa akae chini anyamaze ataona umemdanganya. Mwambie ukweli wote: kuna kucheza, kuna kukaa, kuna kusubiri zamu, na kuna wakati atanikumbuka mimi na hilo sio kosa.

MAZOEZI YA NYUMBANI, WIKI KAMA SITA KABLA

Kumbuka kwa sera yetu ya elimu, ile ya 2014 toleo la mwaka 2023, mtoto anaanza darasa la kwanza akiwa na miaka 6, na kabla ya hapo anapita mwaka mmoja wa elimu ya awali. Maana yake shule za serikali zinapokea watoto wa miaka mitano hivi. Lakini mitaani chekechea binafsi na vituo vya kulelea watoto vinachukua hata wa miaka miwili na nusu. Kadiri mtoto alivyo mdogo ndivyo maandalizi yanavyotakiwa yaanze mapema.

Zoezi la kwanza ni kuachana kidogo kidogo. Mwache kwa shangazi au kwa jirani unayemwamini kwa saa moja, muage, rudi ulivyoahidi. Wiki ijayo saa mbili. Watoto wanaoenda Sunday school au chuoni kwa ustadhi huwa na nafuu hapa, maana wameshazoea kukaa na mtu mzima mwingine pamoja na watoto wengine halafu kurudi nyumbani.

Zoezi la pili, mpeleke akaione shule siku ya kawaida kabla ya kuanza. Aone darasa, aone mahali pa kunywea maji, na muhimu sana, aone CHOO. Usicheke. Mtoto aliyezoea poti au choo cha kukaa nyumbani, ukimpeleka kwenye choo cha shimo anaona lile shimo litammeza. Nimeona watoto wanabana mkojo tangu asubuhi mpaka wanajikojolea mchana, halafu wanachekwa, halafu kesho hawataki shule. Mzazi anahangaika kutafuta sababu kumbe sababu ni choo.

Zoezi la tatu, kujihudumia. Kuvua na kuvaa suruali mwenyewe (nunua ya lastiki, achana na mikanda na zipu ngumu), kunawa mikono, kufungua kikontena chake cha chakula, kula bila kulishwa, kuvaa viatu. Kiwango cha serikali kwa elimu ya awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Na tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, darasa la awali likiwemo, shule nyingi za serikali zimejaa zaidi ya hapo. Mwalimu hata awe na upendo wa malaika hawezi kufunga kamba za viatu vya watoto sitini. Mtoto anayejiweza anajisikia mkubwa, na anayejisikia mkubwa halii sana.

Zoezi la nne, lugha ya kuomba. Mtoto anayetoka kwenye nyumba inayoongea Kisukuma au Kichaga anaweza akafika shule na Kiswahili cha kuunga unga. Anayepelekwa English medium ndiyo kabisa, hajui wanasema nini. Usianze kumkaririsha vitabu. Mfundishe sentensi tatu tu kwa lugha ya shule: naomba kwenda chooni, naomba maji, naumwa. Mtoto akiweza kusema hizo tatu hata mengine yote yakimpita, hatateseka.

Zoezi la tano ni mchezo wa shule. Watoto wa uswahilini wanacheza wenyewe kila siku, mmoja madam, wengine wanafunzi, kijiti ni chaki. Mchezeshe. Leo yeye ni mwalimu na wewe ndiye mtoto, lia kidogo, uone yeye atakwambiaje. Mpwa wangu nilipomfanyia hivyo alinishika bega akaniambia, "Usilie anko, mama anakuja ukishakula." Nikajua somo limeingia.

Zoezi la sita, usingizi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miaka 3 hadi 4 anahitaji kulala saa 10 hadi 13 kwa siku, ukijumlisha na usingizi wa mchana. Piga hesabu mwenyewe. Kama gari la shule linapita saa kumi na mbili asubuhi na anatakiwa aamke saa kumi na moja, basi saa moja usiku awe kitandani ili zipatikane hizo saa kumi. Wengi wetu watoto wanalala baada ya tamthilia, saa nne. Halafu asubuhi tunamvuta kama gunia, analia, tunasema hapendi shule. Hapendi kuamshwa! Anza kurudisha muda wa kulala nyuma wiki mbili tatu kabla, sio usiku wa kuamkia siku ya kwanza.

KUISHI NA WENZAKE

Mtoto aliyekulia ndani ya geti, yeye na dada wa kazi na katuni kwenye runinga, hajawahi kunyang'anywa kitu maishani. Siku ya kwanza mwenzake anachukua gari lake la plastiki na dunia inaisha. Huyu naye wa mtaani aliyezoea kupigania kila kitu, suluhisho lake ni ngumi.

Wote wawili wanahitaji kufundishwa kitu kimoja: kusema badala ya kulia au kupiga. "Nirudishie." "Bado zamu yangu." "Sipendi." "Naomba na mimi." Hayo yanafundishwa kwenye michezo. Kombolela, kuruka kamba, kujificha, vyote vina zamu na vina kushindwa. Mwache acheze na watoto wa jirani, hata achafuke. Na usimwachie ashinde kila mchezo kwa sababu ni mdogo, ajifunze kushindwa akiwa nyumbani mahali anapopendwa.

Mfundishe pia majina ya hisia. "Naona umekasirika." "Unaogopa eeh?" "Umehuzunika kwa sababu baba kasafiri." Mtoto mwenye maneno anaweza kumwambia mwalimu ana nini. Asiye na maneno anang'ata. Na tuache hii ya "mwanaume halii" kwa mtoto wa miaka minne. Akizuiwa kulia hofu haiondoki, inahamia tumboni. Ndiyo maana mtoto kila asubuhi ya shule anasema tumbo linauma, na Jumamosi tumbo limepona.

Nyingine tunayoisahau: kwa familia nyingi za mjini mtu anayelala naye mchana, anayemlisha na kumbembeleza ni dada wa kazi. Mtoto kazoea kumwacha mama asubuhi, ila hajazoea kumwacha DADA. Kwa hiyo dada ashirikishwe. Aende kuiona shule, naye aage, naye aseme "nakusubiri nyumbani". Na msimwondoe dada mwezi huo huo mtoto anapoanza shule. Hayo ni mapigo mawili kwa mpigo mmoja.

USAILI WA KUMJUA A HADI Z

Kuna shule zinafanya usaili kwa mtoto wa miaka mitatu, ati ahesabu mpaka ishirini na ataje rangi. Basi mzazi likizo nzima anamkaririsha, akikosea anafinywa. Mtoto anajifunza kwamba shule ni mahali pa kukosea na kufinywa kabla hata hajaiona.

Serikali yenyewe mwaka 2021 ilizindua programu ya kitaifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto (wenyewe wanaiita PJT-MMMAM), na ukiangalia nguzo zake ni tano: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, fursa za kujifunza mapema, na ulinzi na usalama. Kujifunza ni moja kati ya tano. Zile nyingine zote ni mtoto kushiba, kuwa mzima, kuwa salama na kuwa na mtu anayemsikiliza. Namba atazijua tu, ana miaka mingi ya kuzisoma.

Na kwa wale waliokuwa wanapeleka watoto wadogo bweni kwa sababu ya kazi, mjue kwamba mwaka 2023 Wizara ya Elimu ilitoa waraka wa kuzuia huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Nadhani kwa tuliyoyaongea juu sababu inaeleweka. Mtoto wa miaka minne anaweza kusubiri mpaka uji uishe. Hawezi kusubiri mpaka Juni.

ALIE MPAKA LINI?

Wengi wanatulia ndani ya wiki mbili hadi nne. Wengine wanaanza vizuri kabisa, wiki ya kwanza anacheka, wiki ya pili ndiyo analia, maana sasa ameelewa kwamba hili jambo ni la kila siku. Usishtuke. Wengine wanajikaza shuleni halafu wakifika nyumbani wanalipuka kwa kitu kidogo, maji yamewekwa kikombe kisicho chake basi anagaragara chini. Amechoka kujikaza. Mpe chakula, mpakate, mwache apumzike.

Akirudi usimuulize "umejifunza nini leo?" Hana jibu. Muulize: ulikaa karibu na nani? Nani alilia leo? Mlicheza nini nje? Nani alikusaidia? Hapo utapata habari zote, mpaka za mwalimu kusinzia.

Lakini hapa nataka tusikilizane kwa makini. Sio kila kilio ni cha kuzoea. Kama umepita mwezi na hali inazidi kuwa mbaya, kama alishaacha kukojoa kitandani na sasa ameanza tena kila usiku, kama hali, anashtuka usingizini, ana alama mwilini, anaumia sehemu za siri, au anamwogopa mtu MMOJA maalumu, awe mwalimu, dereva au mlinzi, usimwambie "utazoea". Nenda shuleni, kaa, uliza, angalia. Mfundishe mapema kwamba sehemu zinazofunikwa na chupi hakuna wa kuzigusa wala kumwambia ni siri, na kwamba akikwambia hutampiga. Ukiwa na wasiwasi kuna namba ya simu ya msaada kwa mtoto, 116, kupiga ni bure, na kwenye vituo vya polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Kama ni jambo la mwili, mpeleke hospitali haraka kabla hujamwogesha.

Na hapa ndipo mambo yote niliyoandika yanapokutana. Mtoto aliyezoea kwamba ukisema unarudi unarudi, na akisema anaogopa unasikiliza, siku akipatwa na baya atakwambia. Mtoto aliyetorokwa, akatishiwa na mwalimu, akaambiwa mwanaume halii, atakwambia nini huyo? Atanyamaza. Kwa hiyo tunapozungumzia kuaga mtoto getini hatuzungumzii dakika mbili za asubuhi tu. Tunazungumzia kama atakuwa anakuamini akifika darasa la tatu, la saba, na kuendelea.

NA WEWE MZAZI

Mwisho kabisa, jiandae na wewe. Kuna akina mama nimewaona wanalia kuliko watoto. Ni haki yako, ni mtoto wako. Ila lia ukishakata kona. Mtoto anausoma uso wako, akiona mama anatetemeka anajua hapa kuna hatari. Akina baba nao msijifiche nyuma ya kazi, peleka mtoto angalau siku mbili za wiki ya kwanza. Kuna watoto wanaoachana na baba kwa urahisi kuliko na mama, jaribuni muone.

Kwa hiyo kabla hujarudi Kariakoo kutafuta begi lenye magurudumu, kaa naye leo jioni mkekani umwambie: utaenda wapi, utakuwa na nani, mtafanya nini, na nani atakuja kukuchukua. Mwambie tena kesho. Na keshokutwa.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Walimu wa awali mliopo humu tusahihisheni na kutuongezea. Wazazi, wa kwenu alilia siku ngapi na nini kilisaidia? Maoni yote ruksa, ila matusi nafuta. Naomba kuwasilisha.